Kitabu cha Ukoo Kilibaki Tana

Siku ya pili ya famadihana, saa nne asubuhi, Sahondra alikuwa amekwisha cheka mpaka mbavu zinamuuma, na mwenye makosa alikuwa mtu mmoja tu, kijana aliyevaa kofia ya majani iliyomzidi kichwa.

Walikutana jana yake kwenye msafara, ukoo mzima ulipopanda kilimani kwa tarumbeta kwenda kuwatoa wazee kaburini na kuwavisha sanda mpya za hariri, ndiyo famadihana yenyewe. Siku hiyo halii mtu. Sahondra alishika pembe moja ya mkeka uliombeba baba wa babu yake, akageuka amwone aliyeshika pembe ya pili. Akamkuta kijana mrefu anatembea huku anacheza, jasho linamtoka, kofia imemshukia hadi puani.

"Dada, niongoze," sauti ikatoka ndani ya kofia. "Sioni kitu. Nikimwangusha mzee huyu nitakimbilia wapi mimi?"

Sahondra akaangua kicheko, na tangu hapo hakukifunga tena. Walikula sinia moja, wali wenye mafuta yanayotiririka mpaka kiwiko. Walicheza mpaka vumbi jekundu likawapaka nyusi. Kijana alisema anaitwa Njaka, kazi yake kupanda minara ya simu na kuitengeneza. Alipoulizwa wewe ni wa nani, alijibu, "Wa mama yangu," kisha tarumbeta zikalia na jibu likapotelea humo.

Asubuhi hii ya pili Bebe Ravao, mama wa baba yake Sahondra, alikuwa ameketi barazani akiota jua, blanketi mabegani. Alikuwa na miaka themanini na minane na macho ya mwewe.

"Sahondra, njoo hapa. Yule wa kofia ni nani wako?"

"Binamu, nadhani, Bebe."

"Unadhani! Binamu wa tumbo gani? Kwetu watoto wa dada na dada hawachezeani, wala wajukuu wao, wala vitukuu vyao. Ni mwiko. Mpaka ujue ni nani, funga mdomo. Tangu jana unacheka meno yote nje, nimekuhesabia hadi la mwisho."

"Tunacheka tu, Bebe."

"Hata mimi na babu yako tulianza kwa kucheka tu. Nikazaa tisa."

Sahondra aliona joto limempanda masikioni. Akaondoka mbio kwenda kwa Dadatoa Solofo, baba yake mkubwa, mwalimu mstaafu aliyekuwa mkuu wa shughuli yote.

"Njaka?" akasema Dadatoa. "Si wa watu wa Fandriana yule? Hebu tazama masikio yake."

Watu wa Fandriana wakakana. "Wetu? Sisi tulidhani ni wa Tana. Anakula kama mtu wa Tana."

Watu wa Tana nao wakasema ni wa Ambositra. Wageni walikuwa mia sita. Kila mmoja alimjua Njaka, kila mmoja alimpenda, na hakuna aliyejua katoka tumbo lipi.

"Lakini mbona unahangaika?" Dadatoa akauliza, akitabasamu upande mmoja wa mdomo. "Kile kitabu chako cha kompyuta kiko wapi? Ulituambia kitatufumbua macho. Leo ndiyo siku yake."

Kitabu kilikuwepo, naam. Kwa miaka miwili, kila Jumapili, Sahondra alikuwa akikusanya majina ya ukoo, mengine kutoka kinywani mwa Bebe, mengine kwenye madaftari ya Dadatoa. Yalifika elfu moja mia nne na kumi na mawili. Ukikipa kitabu majina mawili yoyote, kilikuonyesha udugu wao, hatua kwa hatua. Na kwa kuwa kazi yake huko Antananarivo, yaani Tana, ilikuwa kutunza mitambo ya makampuni, alikijenga kama wanavyojenga wakubwa. Majina aliyaweka kwenye kontena yake, yaani chumba kidogo cha programu ndani ya kompyuta, kazi ya kutafuta njia za udugu akaipa kontena nyingine, na ya kuchora ukurasa kontena ya tatu. Zote zilikuwa kundi moja chini ya msimamizi mmoja, naye ni programu tu, ambaye ikianguka moja anaiinua. Wenzake kazini walimcheka kwamba anachinja kuku kwa panga la ng'ombe. Hakujali.

Tatizo ni kwamba kundi hilo lote liliishi ndani ya kompyuta kubwa chini ya dirisha la chumba alichopanga, mwendo wa saa saba kwa gari kutoka hapa. Alichokuja nacho kilikuwa kilaptopu chepesi kisichoweza kubeba hata nusu yake. Alikuwa amewaambia wote kwamba atakifungua kitabu kutoka mbali, jambo rahisi kabisa. Hakuwa amelijaribu hata mara moja.

"Nasikia natafutwa kitabuni," ikasema sauti nyuma yake.

Njaka alikuwa amebeba ndoo mbili za maji. Hakuwa anacheka. Sahondra, aliyeagizwa afunge mdomo, akajitahidi.

"Bebe anataka kujua wewe ni nani wangu."

"Na wewe unataka kujua?"

"Mimi..." Kicheko kikamtoka puani kama chafya. "Mimi nataka mtandao kwanza. Hapa simu haishiki hata salamu."

Njaka akaweka ndoo chini, akatazama vilima kimoja kimoja, kama mkulima anavyotazama mawingu. Kwa muda alionekana kama anapigana na nafsi yake. Kisha akavua kofia.

"Mnara uko nyuma ya kilima kile chenye misonobari. Nyumba inakuzibia. Twende nyuma ya banda la nguruwe, utaupata wote."

Na kweli, nyuma ya banda la nguruwe mtandao ulikuja kama maji ya bomba. Wakapindua kinu, wakaweka laptopu juu yake. Dadatoa akaja na kigoda chake. Watoto wakapanda ukutani. Bebe akabebwa na wajukuu wawili, kiti na blanketi na yote, akatuliwa mahali penye jua.

Sahondra akagonga kwenye kompyuta yake ya Tana. Kimya. Akagonga tena. Kimya cha mtu aliyehama. Ndipo akampigia simu mwenye nyumba, Madamu Gilbertine, akaweka sauti wote wasikie.

"Madamu, samahani sana kukusumbua. Kompyuta yangu inawaka?"

"Ile inayonguruma kama paka? Nimeizima tangu juzi, mwanangu! Nikasema inamngurumia nani chumba kitupu? Nikaifunika blanketi isipate baridi."

Banda zima likacheka, nadhani na nguruwe pia.

"Madamu, nakuomba ufunue blanketi, ubonyeze kitufe cha mbele."

"Cha mbele kipi? Hiki cha mviringo? Nikibonyeza italipuka?"

"Haitalipuka."

"Imeanza kunguruma. Mnafanya nini huko? Nasikia nguruwe."

Wakangoja dakika tano za kompyuta kuamka. Bebe aliuliza kama nayo huanza kwa kunywa kahawa. Sahondra alikuwa ameacha mlango mmoja wa nyuma kwenye kompyuta ile, wenye kufuli na ufunguo aliokuwa nao, na kupitia mlango huo sasa akaingia. Akachungulia ndani. Msimamizi yupo. Kontena zote zimeinuka zenyewe.

Akachukua faili la ufunguo wa kundi, lile ambalo msimamizi hulitaka kwa kila mtu anayetaka kusema naye, akalinakili mpaka kwenye laptopu. Akaandika amri ya kwanza, amri ya salamu tu. Laptopu ikajibu palepale: nimekataliwa.

"Kakataa nani?" akauliza Dadatoa.

"Sijui."

Akaandika tena. Nimekataliwa. Mara ya tatu, mara ya nne. Watoto ukutani wakaanza kuimba, "Kakataliwa! Kakataliwa!" Sahondra alikuwa anacheka na kutaka kulia kwa pamoja, maana aliona sasa atarudi Tana bila jibu, na kijana yule atapanda gari la upande wa pili.

Njaka alikuwa amechuchumaa nyuma ya bega lake. Akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Hii namba iliyo ndani ya faili. Mia moja ishirini na saba, sifuri, sifuri, moja."

"Ndiyo anwani ya msimamizi."

"Siyo ya Tana hiyo. Hiyo ni namba ya kujiita mwenyewe. Kila kompyuta duniani inayo. Kule Tana ilimaanisha Tana. Hapa inamaanisha hapa. Laptopu yako imekaa juu ya kinu inagonga mlango wake mwenyewe, inashangaa mbona hakuna mtu."

Sahondra akajipiga kofi la paji la uso, likasikika mpaka kwa wapishi. Akaibadilisha namba ile, akaweka anwani ya nje ya nyumba yake. Akagonga. Safari hii hata hakukataliwa. Palikuwa kimya kirefu, mpaka laptopu ikachoka.

"Mlango wa nyuma unanifungulia mimi," akasema polepole, akijisemea zaidi kuliko kusema nao. "Lakini msimamizi amekaa chumba cha ndani. Anasikiliza walio ndani ya nyumba tu. Na hata nikimlazimisha asikilize nje, cheti chake cha utambulisho kina jina moja lile lile la ndani. Nikimwita kwa jina jingine, laptopu itasema huyu si yeye."

"Huyo ni babu yako mtupu," akasema Bebe. "Ukimwita kutoka nje hasikii, hata uvunje koo. Mpaka uingie ndani umguse bega."

Sahondra akageuka akamtazama bibi yake kana kwamba amemwona leo.

"Bebe, ndivyo nitakavyofanya."

Akarudisha ile namba ya kujiita mwenyewe, kama ilivyokuwa. Kisha kupitia mlango wa nyuma akachimba njia ya chini kwa chini. Akaiagiza laptopu: yeyote atakayegonga mlango wako namba elfu sita mia nne arobaini na tatu, usimjibu wewe. Mchukue kimyakimya, mpitishe njia hii, umtokeze Tana, ndani ya nyumba, kwenye mlango wenye namba hiyohiyo.

"Kwa hiyo inajigonga yenyewe," akasema Njaka, macho yamemtoka, "na anaitika mtu wa Tana!"

"Na jina ni lile lile, kwa hiyo cheti hakigombi!"

"Wewe!" akapiga kelele Njaka. "Wewe ni hatari!"

Sahondra akabonyeza. Kioo kikakaa kitupu muda wa pumzi moja, pumzi mbili. Kisha mistari mitatu ikashuka, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja una neno moja mwishoni: tayari, tayari, tayari.

Akapiga yowe. Hakujua kama anaweza kupiga yowe la namna ile. Aliruka, akaangusha kigoda, akamkumbatia Dadatoa, akamkumbatia Njaka, akakumbuka, akamwachia Njaka, akaishia kumkumbatia nguruwe mmoja aliyekuwa amechomoza kichwa. Wapiga tarumbeta, waliokuwa wanakunywa ranovola, maji ya ukoko wa wali, upande wa pili wa nyumba, waliposikia yowe walidhani wameitwa, wakaanza kupuliza. Wanawake jikoni wakaitikia kwa makofi bila kujua wanashangilia nini.

Njia ya pili, ya ukurasa wenyewe, ilichimbwa kwa nusu dakika. Kitabu cha ukoo kikafunguka juu ya kinu. Sahondra akaandika jina la Bebe na jina la Dadatoa Solofo. Kikajibu: mama na mwana.

"Kumbe!" akasema Bebe. "Na mimi siku zote nilikuwa na mashaka."

Basi hapo mambo yakaharibika kwa raha. Kila mtu alitaka lake. Wazee wawili waliotukanana kwa utani miaka arobaini wakaambiwa mmoja ni baba mdogo wa mwenzake. Yule mdogo wa udugu, ambaye kwa umri ndiye mkubwa, akalazimishwa kuvua kofia na kusema "shikamoo baba" mbele za watu, na yule mwingine akaipokea kwa kidevu juu kama askofu. Foleni ikazunguka banda. Mpishi mkuu akaacha sufuria.

Katikati ya kelele hizo Njaka akainama karibu na sikio la Sahondra.

"Andika langu."

"Ngoja foleni..."

"Andika sasa, kabla sijatoroka. Njaka Ravelomanana."

Bebe alikuwa amenyoosha shingo. Hata wapiga tarumbeta walishusha vyombo. Sahondra aliandika jina herufi moja moja, akaweka na lake pembeni, akabonyeza.

Kitabu kikajibu: mtu huyu hayumo.

"Hayumo?" akasema Dadatoa. "Jaribu tena, umekosea herufi."

Akajaribu tena. Hayumo.

"Labda tumemsahau," akasema shangazi mmoja wa Fandriana. "Kutokuwa kitabuni si kutokuwa ndugu."

"Hamjanisahau," akasema Njaka. Akaishika kofia yake kwa mikono miwili mbele ya tumbo, kama mtoto wa shule. "Mimi si wa hapa. Nimekosea famadihana."

Akaielekeza kofia ng'ambo ya bonde.

"Shughuli yetu iko kilima cha pili, ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Ukoo wa mama yangu. Sijawaona tangu nina miaka sita, sura zao sizijui. Jana asubuhi nilishuka garini njia panda, nikasikia tarumbeta, nikazifuata. Mlangoni pale mama mmoja akaniambia, 'Umechelewa, mwanangu!' akanipa sahani. Ningefanyaje? Ilikuwa sahani imejaa."

"Ni mimi," akasema mpishi mkuu, akajishika kichwa.

"Nilijua nimepotea jioni, lilipotajwa jina la mzee. Halikuwa la babu yangu. Lakini nilikuwa nimekwisha mbeba."

Sahondra akaacha laptopu, akamgeukia.

"Ulijua," akasema. "Ulijua kitabu kikifunguka kitakuumbua. Na ni wewe uliyenionyesha mnara. Ni wewe uliyeiona ile namba!"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Njaka akatazama kofia yake.

"Afadhali niitwe mlafi kuliko binamu yako."

Aliyeanza alikuwa mpishi mkuu. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha ukuta mzima wa watoto, kisha banda lote, kelele zikapanda kilimani. Sahondra alificha uso ndani ya mikono miwili, na mabega yakawa yanaruka. Dadatoa Solofo peke yake alijaribu kukunja uso, kwa heshima ya cheo chake.

"Kijana! Umekula kwetu siku mbili!"

"Nimechota maji pia, Dadatoa. Safari kumi na nne."

"Kumi na nne?" Dadatoa akawageukia vijana wa ukoo. "Mmesikia? Mgeni!"

"Nyamazeni," akasema Bebe, wakanyamaza. "Kitabu ni kitabu. Mimi nauliza kwa mdomo wangu. Njoo, kijana. Mama yako nani? Aliyemzaa nani? Na huyo, aliyemzaa nani?"

Njaka akataja. Kila jina Sahondra aliliandika, na kila jina kitabu kilisema halimo. Lakini hakuna aliyekitazama tena. Wote walimtazama kikongwe yule, aliyefumba macho na kutembea peke yake ndani ya kichwa chake, kaburi hadi kaburi, mpaka watu wakaanza kuhofia kwamba amelala. Sahondra alijikuta amekamata ukingo wa kinu kama mtu aliye ndani ya gari linaloshuka mlima.

Bebe akafumbua macho.

"Si wetu," akasema. "Hata tone. Sahondra, unaweza kucheka."

Lakini Sahondra, aliyecheka siku mbili mfululizo, hapo alishindwa. Alibaki ametabasamu kama mtu aliyepigwa na jua.

Ndipo simu ya Njaka ikalia. Ilikuwa mama yake, na alikuwa na sauti ya kusikika bila msaada wa mnara. "Hilo gari ulilosema limeharibika halijapona mpaka leo? Wazee wanarudishwa kaburini saa nane! Uko wapi?"

"Niko... ninauona mlima, Mama."

"Mlima upi? Na hizo tarumbeta?"

Dadatoa akasimama, akakung'uta koti lake. Mgeni aliyepotea, akatangaza, harudishwi mikono mitupu wala peke yake, watu watasema tumemfukuza. Pakafungwa nyama katika majani ya mgomba. Tarumbeta zikaingia mbele. Bebe akainuliwa na kiti chake, akakataa kabisa kubaki, akasema ana miaka kumi hajavuka lile bonde. Watu kama mia moja hivi wakateremka kilima kwa ngoma, wakapita juu ya matuta membamba kati ya mashamba yaliyovunwa, mmoja nyuma ya mwingine. Kila aliyeteleza alishangiliwa. Sahondra aliteleza mara mbili. Mara ya pili Njaka alimdaka mkono, na kwa kuwa tuta lilikuwa jembamba sana, hakuona haraka ya kuuachia.

Huko juu ya kilima cha pili bendi nyingine ilisikia bendi inakuja, ikadhani ni mashindano. Ikajibu kwa nguvu zote. Walipofika uani palikuwa na kelele za bendi mbili zinazopiga nyimbo mbili, na mwanamke mfupi mnene akapenya katikati, akamkumbatia Njaka, akampokonya kofia, akampiga nayo, akamkumbatia tena.

Kisha akamwona Sahondra, aliyekuwa ametapakaa tope hadi magotini, nywele zimefumuka, anahema.

"Na huyu ni nani?"

Sahondra akafungua mdomo. Hakikutoka kitu ila kicheko. Dadatoa Solofo akaona nafasi yake. Akapiga hatua mbele, akaweka mkono kifuani, akaanza kwa sauti ya hotuba, kama ilivyo ada, kuomba radhi kwamba anasema yeye ilhali wapo wakubwa kuliko yeye, kwamba jua lipo na mwezi upo...

"Solofo!" Bebe akapiga kelele kutoka kitini. "Hatujaja kuposa! Tumekuja kurudisha mtu!"

"Naanza tu, Mama," akasema Dadatoa, na akaendelea.

Watu wa kilima cha pili walikuwa wamekwisha tandika mikeka. Mtu asiyemjua akamwekea Sahondra sahani mkononi, imejaa.